Picha Hufikaje kwa Mtazamaji?

Hili ni somo letu la historia. Mwalimu wa kituo, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: faili, baiti, tovuti. Faili ni furushi la habari ndani ya kompyuta. Baiti ni kipimo cha furushi hilo, kama ratili ilivyo kipimo cha uzito. Tovuti ni kurasa zisomwazo kwa intaneti.

Mpiga picha wa siku hizi huweka kazi zake katika tovuti ili wateja wazione. Aweke picha ngapi, na zifike kwa njia gani? Swali hili si jipya. Lina miaka thelathini na zaidi.

Mwanzoni kurasa za intaneti zilikuwa maneno matupu. Aliyetaka picha aliifungua peke yake, katika dirisha jingine. Mwaka 1993, huko Marekani, vijana wa Chuo Kikuu cha Illinois walitoa programu iitwayo Mosaic, nayo iliwazoeza watu kuona picha na maneno katika ukurasa mmoja. Watu walifurahi sana. Lakini furaha ile ilikuja na deni. Zamani msomaji alichagua mwenyewe kama picha ije. Sasa mwenye ukurasa ndiye aliyemchagulia.

Tupige hesabu. Modemu ni chombo kilichounganisha kompyuta na waya wa simu. Modemu nzuri ya siku zile ilipitisha baiti 1,800 kwa sekunde. Basi picha ya baiti 90,000 ilichukua sekunde 50, na picha 12 za namna hiyo zilichukua dakika 10! Nani angengoja? Mteja alikwenda zake, na kazi nzuri haikuonekana.

Dawa mbili zilikuwapo. Picha za namna ya GIF, zilizotolewa na kampuni ya CompuServe mwaka 1987, ziliweza kutumwa kwa kuruka mistari: wa 1, wa 9, wa 17, na kuendelea, kisha mistari ya katikati ikafuata. Ndivyo afanyavyo mjenzi wa nyumba ya udongo: husimamisha nguzo zote kwanza, na mpita njia huijua nyumba kabla haijakandikwa. Dawa ya pili ni JPEG ya mwaka 1992, ambayo hutupa yale ambayo jicho haliyatambui upesi. Ila ukiibana mno, uso wa bibi arusi hugeuka vipande vipande kama vigae.

Huku kwetu taabu ilizidi. Mpaka mwaka 2009 habari nyingi za intaneti za Kenya na Tanzania zilipanda kwenye setilaiti, kilomita 36,000 juu, ndipo zikashuka. Mwaka ule nyaya mpya za chini ya bahari zilifika Mombasa na Dar es Salaam. Mwendo uliongezeka, lakini picha nazo zilinenepa. Moja tu ya kamera ya leo huweza kuwa na baiti milioni kadhaa. Na mtu anayenunua kifurushi cha simu hulipia kila baiti inayomfikia, hata ya picha asiyoitazama.

Mwaka 2019 programu ya Chrome ilianza kuelewa neno moja ambalo, likiandikwa ndani ya ukurasa, huiambia picha ingoje mpaka msomaji aikaribie. Neno lenyewe kwa Kiswahili ni "mvivu". Uvivu huo una akili! Lakini picha ya juu kabisa isifanywe vivu, maana hiyo ndiyo mgeni aionayo mlango ukifunguliwa. Na filamu je? Mimi naona iwekwe picha moja mbele yake, na filamu yenyewe ije mtu akiibonyeza.

Sasa mwalimu afunge redio, nanyi mfanye hesabu hii. Ukurasa una picha 30, kila moja baiti 200,000, na zote zinakuja kwa pamoja. Mtazamaji anatazama picha 6, kisha anaondoka. Amelipia baiti ngapi za picha asizoziona?

Kwaherini, mpaka juma lijalo.