Fuko wa Meru na waya wa neva

Wadau, leo tuweke programu kando kidogo, tuongee juu ya waya zilizo mwilini.

Ukilima Nyeri, fuko unamjua. Wakikuyu humwita huko, naye ana manyoya. Mimi nazungumzia mwingine, fuko uchi, anayeishi nyanda kavu za upande wa pili wa mlima. Stanton Braude aliwafuatilia kwa miaka mingi katika Mbuga ya Kitaifa ya Meru. Mwaka 1981 Jennifer Jarvis alikuwa ameonyesha kuwa wanaishi kama nyuki: malkia mmoja anazaa, wengine wanafanya kazi. Wanasongamana shimoni hadi hewa inajaa kaboni dayoksaidi, ambayo mwilini hugeuka asidi. Wewe na mimi tungeumia.

Seli ya neva ina dendraiti zinazopokea habari, mwili wenye kiini, na akzoni, uzi mrefu unaopeleka habari hadi sinapsi, pale kemikali inapovuka kwenda seli nyingine. (Seli ya maumivu ina umbo lake: uzi unatoka kwenye ngozi hadi uti wa mgongo, mwili wake umekaa kando.) Kuanzia 1888 Ramón y Cajal alionyesha kuwa kila seli inajitegemea. Golgi, aliyebuni rangi aliyotumia Cajal, alikataa katakata. Mwaka 1906 wakagawana Nobel hivyo hivyo, wakibishana.

Habari inasafirije? Hodgkin na Huxley walijibu mwaka 1952 kwa akzoni ya ngisi: milango ya sodiamu inafunguka mmoja baada ya mwingine. Kompyuta ya Cambridge ilikuwa imezimwa kwa marekebisho, basi Huxley akapiga hesabu kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, kama wiki tatu. Nawe unalalamika kompyuta yako ni nzito!

Turudi kwa fuko. Mwaka 2008 kundi la Thomas Park na Gary Lewin lilionyesha kuwa asidi haimuumi. Mwaka 2011 kundi la Lewin likapata sababu: asidi inaigusa neva yake vizuri tu, lakini mlango wa sodiamu uitwao NaV1.7 una kipande kidogo kilichobadilika, nayo asidi inauziba kabla habari haijaondoka.

Wapo watu wachache wanaozaliwa mlango huohuo ukiwa umeharibika kabisa. Hawasikii maumivu yoyote, na wengine huungua au kuvunjika mfupa bila kujua. Fuko amerekebishiwa mstari mmoja tu wa programu: ukimfinya au ukimuunguza, anajikunyata kama panya yeyote.