Biskuti za jira

Biskuti za jira ni biskuti kavu za chumvi zinazotiwa ladha kwa mbegu za jira, yaani bizari nyembamba. Huokwa kwa unga wa ngano, mafuta, chumvi na sukari kidogo au bila sukari kabisa, na huliwa pamoja na chai. Zinajulikana sana katika Bara Hindi, na pia miongoni mwa watu wa Afrika Mashariki wenye asili ya huko. Viungo vyake ni vichache, hivyo zinaweza kuokwa nyumbani hata mahali pasipo na oveni.

Jina na asili

Neno "biskuti" limetoka katika Kiingereza, ambacho kililipata kutoka Kifaransa. Maana yake ya asili ni "iliyopikwa mara mbili". "Jira" ni neno lenye asili ya Kihindi. Kiungo hicho huitwa pia bizari nyembamba, na Zanzibar huitwa uzile. Ni mbegu za mmea Cuminum cyminum, wa familia moja na karoti na giligilani. Haifai kuchanganywa na bizari ya manjano, ambayo ni tunguu lililosagwa na ambalo halina ladha hiyo.

Vitafunio vya chai mkoani Simiyu

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, na makao makuu yake ni Bariadi. Wenyeji wengi ni Wasukuma. Mkoa huu unajulikana kwa kilimo cha pamba, na mazao ya chakula ni pamoja na mahindi, mtama, viazi vitamu na mpunga. Ufugaji wa ng'ombe huwapatia watu maziwa na samli.

Chai hunywewa pamoja na maandazi, chapati, vitumbua, viazi vitamu au mihogo. Vipo pia vitafunio vikavu vya asili: michembe, ambayo ni viazi vitamu vibichi vilivyokatwa na kuanikwa juani, na matobolwa, ambayo ni viazi vilivyochemshwa kwanza kabla ya kukatwa na kuanikwa. Biskuti na michembe hutegemea kanuni ileile ya kuhifadhi chakula: kilichopoteza maji mengi hakioti ukungu upesi. Andazi huharibika baada ya siku chache, lakini biskuti iliyokauka vizuri hukaa wiki kadhaa.

Viungo

Kwa biskuti 30 hadi 40 ndogo huhitajika:
- unga wa ngano gramu 250 (vikombe 2 hivi)
- siagi au samli gramu 100
- jira vijiko 2 vya chai
- chumvi nusu kijiko cha chai
- bekingi pauda kijiko 1 cha chai
- pilipili manga iliyosagwa nusu kijiko cha chai
- sukari kijiko 1 cha chakula, kwa anayependa
- maziwa baridi vijiko 4 vya chakula

Utengenezaji

Jira hukaangwa bila mafuta kwa dakika 1 hadi 2 mpaka inukie, kisha hupondwa kidogo. Ikiungua huwa chungu. Unga huchanganywa na vitu vikavu, halafu siagi hufikichwa ndani yake kwa ncha za vidole mpaka mchanganyiko ufanane na chenga. Hatua hii ndiyo inayofanya biskuti imumunyike mdomoni: mafuta huzifunika chembe za unga na kuzuia gluteni isijenge nyuzi ndefu kama za mkate. Kwa sababu hiyo maziwa huongezwa kidogo kidogo, na donge halikandwi kwa nguvu kama la chapati.

Donge hupumzishwa dakika 20, husukumwa hadi unene wa milimita 4 au 5, na hukatwa kwa mdomo wa glasi. Kila biskuti hutobolewa kwa uma ili mvuke utoke bila kuiumua. Katika oveni huokwa kwa nyuzijoto 180 za Selsiasi kwa dakika 15 hadi 20.

Kuoka kwa jiko la mkaa

Pasipo na oveni hutumiwa sufuria kubwa yenye mfuniko bapa. Mchanga safi na mkavu humwagwa chini kwa kina cha sentimita 2 au 3, na sufuria hupashwa moto dakika 15. Sahani ya bati yenye biskuti huwekwa juu ya mchanga, sufuria hufunikwa, na makaa hupaliwa juu ya mfuniko. Makaa ya chini huwa machache kuliko ya juu, la sivyo biskuti huungua chini zikiwa bado mbichi juu.

Mkaa unaowaka hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoweza kuua. Kazi hii hufanyika nje au penye hewa ya kutosha, na jiko haliingizwi katika chumba cha kulala.

Unga na mafuta ya mazao mengine

Biskuti haihitaji kuumuka kama mkate, kwa hiyo robo ya unga wa ngano inaweza kubadilishwa kwa unga wa mtama, usio na gluteni. Unga wa viazi vitamu hufaa pia, lakini sukari yake ya asili hufanya biskuti zibadilike rangi mapema, hivyo moto hupunguzwa. Mafuta ya kula yanaweza kutumika badala ya siagi, kiasi cha mililita 80. Mafuta ya mbegu za pamba yawe yamesafishwa kiwandani, kwa sababu mbegu hizo zina gosipoli, dutu yenye sumu inayoondolewa wakati wa kusafisha.

Uhifadhi na lishe

Biskuti huachwa zipoe kabisa kabla ya kutiwa katika chombo kinachofunga. Zikifungwa na joto, mvuke huzilainisha. Zilizolainika hurudishwa kwenye moto mdogo kwa dakika chache.

Ladha ya chumvi haimaanishi kwamba biskuti hizi hazipandishi sukari mwilini. Wanga wa unga humeng'enywa kuwa glukosi, kwa hiyo mwenye kisukari anapaswa kuzihesabu kama mkate. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chumvi chini ya gramu 5 kwa siku, kutoka vyakula vyote kwa pamoja.