Jivu la takataka: Mbolea au sumu bustanini?

Anayekodi au kurithi bustani iliyotelekezwa aghalabu hukuta pembeni biwi la jivu, misumari na vigae vya chupa, pale takataka zilipokuwa zikichomwa. Je, alitawanye au alizoe?

Jibu hutegemea kilichochomwa. Jivu la kuni na matawi lina kalisi na potasiamu, na hupunguza asidi ya udongo kama chokaa. Halina nitrojeni, kwani hiyo hupotea motoni. Aidha, mvua huosha potasiamu upesi. Jivu lililonyeshewa misimu kadhaa hubaki zaidi na manufaa ya chokaa.

Hata hivyo, jivu la betri, matairi na mbao zilizopakwa rangi au dawa ya mchwa huweza kuwa na risasi au arseniki, madini ambayo hayaozi. Marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza nchini Agosti 28, 2017, hivyo mabiwi ya kabla ya hapo huenda yana mabaki yake. Ukiona betri, waya au plastiki iliyoyeyuka, usitumie jivu hilo. Litie maguniani na ulikabidhi kwa wazoataka wenye leseni. Usipande mboga hapo, wala usiruhusu watoto kuchezea mahali hapo, hadi udongo upimwe madini hayo katika maabara.

Iwapo ni jivu safi la kuni, fuata hatua hizi:

1. Hakikisha moto umezimika. Makaa huweza kufukuta chini ya jivu kwa siku kadhaa.

2. Vaa glavu na viatu vigumu, ufunike pua, kisha unyunyize maji kidogo ili vumbi lisipeperuke.

3. Chekecha jivu. Sumaku itanasa misumari. Vigae viokote kwa makini.

4. Tawanya takriban kilo 7 katika mita 100 mraba, mara moja kwa mwaka, na uchanganye na udongo.

5. Usiliweke kwenye majani chai, ambayo hupenda asidi, wala kwenye viazi, kwani huchochea ugonjwa wa magaga. Usilichanganye na DAP, CAN au urea, la sivyo nitrojeni itapotelea hewani.

6. Palipowashwa moto, lima kwa kina na utie samadi iliyooza, maana joto huunguza mboji.

Jivu hufaa zaidi penye udongo wa asidi, mathalani sehemu nyingi za magharibi mwa Kenya. Penye udongo wa magadi, litadhuru mimea.