Jinsi viwango vya kusoma na kuandika Kiswahili vilivyobadilika shuleni

MWANAFUNZI wa darasa la pili huketi mbele ya mwalimu au afisa wa elimu, hukabidhiwa kifungu kifupi cha hadithi, na saa huanza kuhesabu. Baada ya dakika moja husimamishwa. Akiwa amesoma kwa usahihi maneno 45 au zaidi ya Kiswahili, huhesabiwa kuwa msomaji hodari. Akisoma kati ya 17 na 44, huchukuliwa kuwa msomaji anayechipuka. Akiwa chini ya hapo, basi kuna kazi ya kufanywa, na kazi hiyo ni ya shule.

Vipimo hivyo ndivyo vilivyotumiwa katika mpango wa Tusome, ulioenezwa katika shule za msingi za umma kote nchini kuanzia 2015. Kwa miongo mingi kabla ya hapo, silabasi ilisema tu kwamba mtoto aweze kusoma. Haikusema asome kiasi gani, kwa muda gani wala nani atakayehakikisha. Kiwango kilikuwepo kwenye karatasi, ila kipimo chake kilingoja hadi darasa la nane.

Historia ya ufundishaji wa Kiswahili nchini ni historia ya kungoja huko.

Tume ya Ominde ya 1964 ilipendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi, lakini Kiingereza kikabaki lugha ya kufundishia. Mtihani wa mwisho wa shule ya msingi wakati huo, yaani CPE, haukuwa na karatasi ya Kiswahili. Matokeo yake yalitabirika. Somo lisilotahiniwa lilifundishwa pale mwalimu alipopata nafasi, na kipindi chake kilikuwa cha kwanza kutolewa mhanga hesabu ilipohitaji muda zaidi.

Kamati ya Gachathi iliyotoa ripoti yake 1976 ililiona tatizo hilo. Ilipendekeza Kiswahili kiwe cha lazima na kitahiniwe, na watoto wa madarasa matatu ya kwanza wafundishwe kwa lugha inayotumiwa katika eneo la shule. Ni katika sera hiyo ambapo vitabu vya Tujifunze Kusoma Kikwetu, maarufu kama TKK, vilipata nafasi katika lugha mbalimbali za humu nchini. Hata hivyo, pendekezo la kutahini Kiswahili lilisubiri takriban miaka tisa, hadi mfumo wa 8-4-4 ulipoanza 1985 na mtihani wa KCPE kuchukua mahali pa CPE.

Mabadiliko yaliyofuata hayakuhitaji hamasa yoyote. Kiswahili kilikuwa na alama, na alama zilimpeleka mtoto sekondari. Wachapishaji walijaza vitabu madukani, shule zikatafuta walimu wa somo hilo, na wazazi waliokuwa wakiona Kiswahili kama lugha ya sokoni wakaanza kuuliza mtoto amepata ngapi katika insha.

Insha na mapambo yake

Karatasi ya insha katika KCPE ilitolewa alama 40, na mtahiniwa alikuwa na dakika 40 za kuandika. Karatasi ya lugha ilikuwa na maswali 50 ya kuchagua jibu. Mgawanyo huo uliamua mengi kuhusu yaliyotendeka darasani kwa karibu miaka arobaini, hadi KCPE ya mwisho ilipofanywa 2023.

Ufahamu ulipimwa kwa kuweka alama kwenye herufi A, B, C au D. Mtoto angeweza kukisia. Kusoma kwa sauti hakukupimwa, wala hakungeweza kupimwa kwa mtihani wa aina hiyo. Katika insha, palizuka desturi ambayo kila mtahini aliifahamu. Watoto walikaririshwa mapambo. Kila mhusika alirauka alfajiri, kila jua lilichomoza kwa madaha, kila safari ilianza kwa methali mbili na kumalizika kwa ya tatu. Mtoto wa mjini asiyewahi kusikia jogoo akiwika alimwamsha mhusika wake kwa mlio wa jogoo, kwa kuwa ndivyo kitabu cha marudio kilivyoelekeza.

Si haki kuwalaumu watoto hao, wala walimu wao. Waliopanga mtihani walitaka kuona utajiri wa lugha, nao wakapewa utajiri wa kuazima. Ipo pia faida iliyopatikana. Kizazi kizima cha Wakenya kilikua kikijua methali na tanakali za sauti kwa wingi, hata katika maeneo yasiyozungumza Kiswahili nyumbani.

Katika sekondari, silabasi iliyorekebishwa 2002 na kutahiniwa kwa mara ya kwanza katika KCSE ya 2006 iliipanua kazi. Mtahiniwa hufanya karatasi tatu zenye jumla ya alama 200. Karatasi ya kwanza ni insha mbili, ya kwanza ikiwa ya lazima, kila moja ikiwa na alama 20. Ya pili, ya alama 80, inagawa 15 kwa ufahamu, 15 kwa ufupisho, 40 kwa matumizi ya lugha na 10 kwa isimujamii. Ya tatu ni fasihi, pamoja na fasihi simulizi, nayo pia ni ya alama 80.

Kuingizwa kwa isimujamii kulikuwa hatua ya busara kuliko ilivyoonekana. Mwanafunzi alitakiwa aeleze lugha ya hospitalini inatofautiana vipi na ya mahakamani, au ni kwa nini vijana husema Sheng. Kwa mara ya kwanza lugha aliyoisikia nje ya lango la shule ilikuwa na nafasi darasani, hata kama ilikuwa ni ya kuchunguzwa tu.

Sarufi nayo ilibadilika sura. Waliosoma zamani walifundishwa ngeli ya M-WA, wakiangalia kiambishi cha mwanzo wa jina. Watoto wao hufundishwa A-WA, U-I, LI-YA na I-ZI, yaani upatanisho unaojitokeza kwenye kitenzi. Sababu ni nzuri: 'kiboko' na 'kipofu' huanza kwa KI lakini hupatanishwa kama viumbe hai, na mpangilio wa zamani ulilazimika kuwatolea udhuru kila mara. Mzazi anayejaribu kumsaidia mtoto kazi ya nyumbani jioni hugundua kwamba hata 'jina' siku hizi ni 'nomino', na mara nyingi hurudisha daftari akiwa amenyamaza.

Mashaka ya madarasa ya chini

Wakati karatasi za darasa la nane na kidato cha nne zikiendelea kunolewa, hakuna aliyekuwa akipima kilichotokea mwanzoni mwa safari. Elimu ya msingi bila malipo ilipotangazwa 2003, idadi ya wanafunzi katika shule za msingi ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Madarasa yalifurika. Katika shule nyingi kitabu kimoja cha kiada kiligawanwa na watoto watatu au zaidi, na mtoto aliyekaa pembeni alikisoma kitabu upande upande.

Kishindo kilitoka nje ya shule. Kuanzia 2009, mpango wa Uwezo ulituma watu wa kujitolea nyumba hadi nyumba, wakiwa na karatasi yenye herufi, maneno, aya na hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Hakukuwa na ada, sare wala mtihani. Mtoto aliombwa asome. Katika matokeo ya 2011, watoto watatu pekee kati ya kumi wa darasa la tatu ndio waliomudu kazi ya darasa la pili.

Waliobaki walikuwa shuleni kila siku. Walikuwa na sare, walijibu jina lao likiitwa, na walipandishwa darasa mwaka ulipokwisha. Mtoto wa namna hiyo hufika darasa la tano akiwa amekwisha kujifunza hila za kuficha: hunakili kutoka ubaoni kwa mwandiko safi, hukariri kifungu baada ya kumsikia mwenzake akikisoma, huinamisha kichwa mwalimu anapochagua msomaji. Mtihani wa darasa la nane haungemwokoa. Ungemhesabu tu.

Tusome ilijengwa juu ya majaribio yaliyofanywa kati ya 2011 na 2014. Wizara ya Elimu iliiendesha kwa ufadhili wa Marekani na Uingereza. Yaliyofanywa hayakuwa ya ajabu. Kila mtoto wa darasa la kwanza na la pili, na baadaye la tatu, alipewa kitabu chake cha Kiswahili na cha Kiingereza. Mwalimu alipewa mwongozo unaoeleza kila somo hatua kwa hatua. Maafisa wa kusaidia utekelezaji wa mtaala walipewa vishikwambi, wakaketi nyuma ya darasa kutazama somo, kisha wakawaita watoto wachache na kuwapima kwa ile dakika moja.

Walimu wengine walilalamika kwamba mwongozo uliwafunga mikono. Malalamiko hayo yana uzito kwa mwalimu mzoefu. Kwa yule aliyetoka chuoni bila kufundishwa jinsi ya kumfunza mtoto kusoma, mwongozo ulikuwa heri kuliko kutokuwa na kitu.

Ni kwa nini maneno 45 kwa Kiswahili, ilhali kiwango cha Kiingereza katika mpango uo huo kilikuwa 65? Wapo waliodhani Kiswahili kimedharauliwa. Sababu ni ya kisarufi. Neno moja, 'hawatatusomea', lina silabi saba na linabeba ukanushi, watendaji, wakati, watendewa na kitendo. Mwingereza huhitaji maneno sita kusema hayo. Mtoto anayesoma maneno 45 ya Kiswahili huenda amepitia silabi nyingi kuliko mwenzake aliyesoma 65 ya Kiingereza.

Kiswahili kina fadhila nyingine kwa anayeanza. Irabu ni tano na hazibadiliki sauti. Anayeijua 'ba' katika 'baba' anaijua pia katika 'kibanda'. Ndiyo maana mbinu ya silabi, ile ya ba be bi bo bu, haikutupwa, bali imetanguliwa na mafunzo ya sauti na kufuatwa upesi na maneno yenye maana. Ugumu unabaki katika sehemu chache: 'ng' ya ngoma na 'ng'' ya ng'ombe, na zile dh, th na gh kwa watoto ambao lugha zao za nyumbani hazina sauti hizo.

Kutoka darasa hadi gredi

Mtaala wa Umilisi, ulioanza kwa majaribio 2017 na kutekelezwa kitaifa kuanzia Januari 2019, ulibadilisha hata msamiati. Darasa likawa gredi, mtihani ukawa tathmini. Miundo ya mtaala iliyotolewa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) hupanga somo la Kiswahili katika kusikiliza na kuzungumza, kusoma, kuandika na sarufi, na mwanafunzi hupimwa kama amezidisha matarajio, ameyafikia, anayakaribia au yuko mbali nayo. Baada ya ripoti ya jopo la rais ya 2023 masomo yalipunguzwa, na katika gredi tatu za kwanza Kiswahili kikabaki na vipindi vinne kwa wiki, Kiingereza vitano, na lugha za kiasili viwili.

Kusikiliza na kuzungumza kumepata hadhi ambayo 8-4-4 haikuwahi kukupa. Hilo ni jambo jema. Kuandika ndiko kunakotia shaka. Tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 6, KPSEA, iliyofanywa kwa mara ya kwanza 2022, ilikuwa na maswali ya kuchagua majibu pekee. Insha, pamoja na jogoo wake wote, ilitoweka kwenye karatasi hiyo. Uandishi umeachiwa tathmini za shuleni, ambazo kuanzia Gredi ya 4 hadi ya 6 huchangia asilimia 60 ya alama, KPSEA ikichangia 40. Mwalimu mwenye wanafunzi 70 hutarajiwa kusoma kazi zao zote, aziweke alama kwa haki na azipakie kwenye mtandao wa Baraza la Mitihani (KNEC). Bila usimamizi wa kutosha, alama hizo hazitofautishi mtoto anayeandika aya yenye mantiki na yule anayenakili.

Katika sekondari, KNEC ilibadilisha 2023 namna ya kukokotoa gredi ya jumla ya KCSE. Badala ya Kiingereza na Kiswahili kuhesabiwa zote mbili kwa lazima, huhesabiwa hisabati na lugha moja ambayo mtahiniwa ameifanya vyema zaidi, pamoja na masomo mengine matano bora. Watahiniwa wengi walifaidika. Hata hivyo, mwanafunzi anayeona Kiingereza kitamtosha ana sababu ndogo ya kukesha na karatasi ya ufupisho, na walimu wa enzi za CPE wanaijua vyema hali hiyo.

Kundi la kwanza la mtaala mpya lilifanya tathmini ya kumaliza sekondari msingi, KJSEA, 2025, na kuingia Gredi ya 10 Januari 2026, ambako Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya ni miongoni mwa masomo ya lazima. Ni watoto waliokuwa darasa la kwanza 2017, wakijifunza silabi kwa vitabu vya Tusome, kila mmoja na chake. Wanatarajiwa kukamilisha Gredi ya 12 mwaka wa 2028.