Kukata au Kungoja: MV Bukoba na Thetis

Kikao chetu cha mwezi uliopita kilikusudiwa kuzungumzia usafiri wa Ziwa Victoria, lakini kikaishia kwenye swali moja lililotugawa: je, ilikuwa sahihi kuitoboa MV Bukoba?

Wengi wetu tuliisikia habari hiyo kwa wazazi. Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 meli hiyo, ikitoka Bukoba na watu kupita kiasi, ilipinduka ikiwa imekaribia Mwanza. Haikuzama mara moja. Ilielea tumbo juu kwa saa kadhaa, na waliosimama juu yake walisikia watu wakigonga kutoka ndani. Waokoaji wakakata chuma ili wawatoe. Hewa iliyonaswa mle, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiishikilia meli juu ya maji, ikatokea kwenye tundu lile, na meli ikaenda chini. Hesabu ya serikali ni watu 894.

Mwenzetu anayetoka Kagera alisema kwao lawama bado ni za walioamua kukata. Kwa kuwa tunasoma Uingereza, mwingine akaleta kisa cha huku.

Tarehe 1 Juni 1939 nyambizi mpya, Thetis, ilikuwa ikijaribiwa katika ghuba ya Liverpool. Ndani mlikuwa na watu 103, karibu mara mbili ya kawaida yake, kwani mafundi na wageni nao walipanda. Mlango wa ndani wa bomba la topido ukafunguliwa, kumbe wa nje uko wazi. Kitundu kidogo ambacho kingetoa maji na kuwaonya kilikuwa kimezibwa na rangi. (Rangi tu!) Omo ikajaa, ikakita chini. Kesho yake asubuhi tezi ilionekana imechomoza juu ya maji, na meli za msaada zikafika. Wanne walitoka kupitia chumba cha kujiokolea. Saa zikapita bila tezi kukatwa. Alasiri kamba ya chuma iliyoishikilia ikakatika, ikazama. Walikufa 99, wengi wao kwa hewa chafu waliyoipumua wenyewe.

Hapo ubishi wetu ukapoa. Huku walikata, kule hawakukata, na pande zote mbili watu walikufa. Anayesikia mgongo chini ya miguu yake, na nyuma yake ndugu wa waliomo wanalia, huona kungoja ni ukatili. Wa Mwanza alihitaji mtu wa kumwambia kwamba hewa ile ndiyo uhai wao, na wazamiaji wa kuingia kwa chini. Wazamiaji wa Afrika Kusini walikuja meli imeshazama. Liverpool wataalamu hawakukosekana. Kwa maoni yetu, aliyekosekana ni mtu mmoja mwenye kauli ya mwisho pale pale baharini.

Ndipo tukakumbuka MV Nyerere, iliyopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuua watu zaidi ya 220. Kazi ilisimamishwa usiku kwa sababu ya giza, na wengi walikasirika. Lakini tarehe 22 wazamiaji waliingia ndani wakamtoa fundi wa meli akiwa hai, mahali palipobaki hewa.

Mwenzetu wa Kagera akauliza kama wale waliogonga mwaka 1996 wangeweza kungoja siku mbili. Tulikuwa bado hatujamjibu mlinzi alipokuja kufunga ukumbi.