Ujiji kwa siku moja: jiwe la watu wawili, njia ya watu maelfu

Mara nyingi katika vijitabu vya shirika letu tunaandika juu ya ndoa, matanga, ngoma na majina ya watoto. Safari hii tunasimama mbele ya jiwe. Jiwe lenyewe haliko hata Kongo. Liko Ujiji, karibu na Kigoma, Tanzania, ng'ambo ya pili ya Ziwa Tanganyika. Lakini sisi tunaosema Kiswahili toka Uvira mpaka Kalemie, toka Kasongo mpaka Lubumbashi, Ujiji inatuhusu. Babu zetu wengi walipitaka pale, na wengi wao hawakurudi tena.

Ujiji inatembelewa vizuri kwa siku moja ukitokea Kigoma, kwani ni chini ya kilometa kumi. Watu wanne ao watano wanachanga pesa, wanakodi motokari na shofere, wanatafuta kiongozi mmoja wa kuwatembeza wao peke yao. Njia hii ni bora kuliko kufuata kundi kubwa. Katika kundi, kila mtu anapiga foto mbele ya jiwe, na mara moja munaitwa kurudi. Mukiwa na kiongozi wenu, munaweza kukaa, kuuliza, kurudia swali. Kuuliza si ujinga.

Ila kiongozi ni mtu wa kazi. Anasema kwanza yale ambayo wageni wengi wanataka kusikia, na wageni wa Ulaya wanakuja pale juu ya Livingstone. Sisi Wakongomani tunakuja juu ya nini? Hilo ndilo swali la andiko letu.

1. Jiwe linasema nini

Jiwe limechongwa ramani ya Afrika yenye msalaba. Linakumbusha kwamba pale, chini ya mwembe, Henry Morton Stanley, mtu wa gazeti la New York Herald, alimkuta daktari David Livingstone. Siku inayoandikwa ni 10 Novemba 1871. Hesabu ya siku ya wote wawili ilikuwa imepotea kidogo safarini, kwa hiyo wanahistoria wengine wanasema ilikuwa mwisho wa Oktoba. Mwembe wa zamani ulikufa. Miembe inayoonekana leo kando ya jiwe inasemwa ni uzao wake. Ndani ya nyumba ya ukumbusho kuna sanamu za watu wale wawili, wanasalimiana, kila mmoja na kofia yake.

Livingstone alikuwa amefika Ujiji mara ya kwanza katika Machi 1869, mgonjwa. Kisha alivuka ziwa, akaingia Manyema, akafika Nyangwe kwenye mto Lualaba mwishoni mwa Machi 1871. Aliporudi Ujiji alikuta mali yake imeuzwa na mtu aliyeachiwa kuilinda. Ndipo Stanley akatokea na nguo, dawa na barua.

Habari hiyo inajulikana dunia nzima. Kalasi zetu pia zinaijua: uliza mwanafunzi wa sekondari juu ya Ujiji, atakujibu Stanley na Livingstone, basi. Sisi walimu tunafurahi kwamba amejibu, tunampa pointi zake, tunaendelea na somo lingine.

Lakini hata siku ile ya salamu, watu hawakuwa wawili. Mtu wa kwanza kukimbia kumpokea Stanley alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone. Katika msafara wa Stanley alikuwepo Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa kijana, akapelekwa India, akarudi akiwa huru. Bombay aliijua njia ile mbele ya Stanley: alikuwa amefika Ujiji na Burton na Speke katika Februari 1858. Kisha alivuka bara pamoja na Cameron, kati ya 1873 na 1875, kwa kupita nchi yetu. Na Susi, kisha kusaidia kuipeleka maiti ya bwana wake mpaka pwani, alimfuata Stanley kwenye mto Kongo. Alikuwa kati ya watu waliofanya kazi naye wakati Léopoldville, Kinshasa ya leo, ilipoanzishwa katika 1881. Basi mwanafunzi wa Kinshasa ana sababu yake ya kumjua Susi. Nani amemfundisha?

2. Wale ambao jiwe haliwataji

Tuseme sasa kitu kizito zaidi. Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika ziwani kisha kilometa zaidi ya elfu moja. Lakini kwetu mwisho ule ulikuwa mwanzo. Mashua zilivuka kuja upande wetu zikiwa na nguo, shanga, bunduki na baruti. Zilirudi na pembe za ndovu na watu.

Livingstone mwenyewe alikimbia Nyangwe kisha kuona mauaji. Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, watu wenye bunduki walipiga risasi katikati ya wanawake waliokuja kuuza samaki, chumvi na mihogo. Wengi walizama Lualaba wakitafuta mitumbwi. Hesabu iliyosemwa na wafanyabiashara wenyewe ilikuwa kati ya mia tatu na mia nne. Livingstone aliandika siku zile juu ya makaratasi ya gazeti la zamani, kwa wino alioutengeneza kwa mbegu, kwa sababu karatasi na wino vilikuwa vimemwishia. Maandiko yale yalififia kabisa. Katika 2011 wataalamu waliyatoa tena kwa mashini za mwangaza, wakaona kwamba si kila mahali yanalingana na kitabu kilichochapwa 1874, miaka mitatu kisha mauaji.

Soko la Nyangwe na jiwe la Ujiji, hiyo ni habari moja. Salamu ya Novemba ilikuja miezi minne tu kisha damu ya Julai. Mwenye kusimama Ujiji bila kutaja Nyangwe amesoma nusu ya ukurasa.

Kuna pia jambo ambalo linatupa haya kulisema mbele ya wageni. Waliokamata watu hawakuwa Waarabu wa pwani peke yao. Mabwana wakubwa, kama Tippu Tip aliyekaa Kasongo, na Rumaliza aliyekuwa na nguvu Ujiji, walikuwa na jeshi la watu wa bara: wangwana, Wanyamwezi, na vijana wa kwetu waliokamatwa wadogo wakapewa bunduki. Ngongo Leteta, aliyetisha vijiji vingi kati ya Lomami na Lualaba, alikuwa mwana wa nchi hii. Na Livingstone, aliyechukia biashara ya watumwa kwa moyo wote, alikula na kulindwa na wafanyabiashara hao hao, kwani bila wao asingepita. Historia haina mikono safi mingi. Tukiwaficha watoto jambo hilo, watafikiri ubaya unatokaka nje sikuzote.

Vita vya Serikali Huru ya Kongo juu ya Waarabu vilianza 1892. Nyangwe ilianguka Machi 1893, Kasongo Aprili ya mwaka ule ule, na Rumaliza alishindwa mwanzoni mwa 1894. Tunasoma vitabuni kwamba ndipo uhuru ulipoingia. Wazee wa vijiji vya mpira, waliokatiwa watu kwa ajili ya kazi ya Leopold, wangejibu namna nyingine.

3. Kile kilichorudi na kile kilichobaki

Wale waliovushwa walikwenda wapi? Wengine walifika Unguja, ambako soko la watumwa lilifungwa katika 1873. Wengine walikufa njiani. Lakini wengi walibaki kando ya njia: Ujiji kwenyewe, Tabora, hata Dar es Salaam. Kule waliitwa Wamanyema, hata kama mmoja alitoka kwa Wabangubangu, mwingine kwa Wakusu, mwingine kwa Wabembe. Jina moja lilifunika makabila mengi. Mpaka Dar es Salaam kuna msikiti unaoitwa wa Wamanyema. Kwa hiyo ukitembea katika njia za mchanga za Ujiji, usijione mgeni kabisa. Unaweza kuwa unapita mbele ya nyumba ya ndugu ambaye hamjuani.

Na sisi tuliobaki, tulipata nini? Tulipata mpunga, tulipata miembe, ambayo Manyema inaonyesha mpaka leo mahali makao ya wangwana yalikuwa. Tulipata Uislamu wa Kasongo. Tulipata Kiswahili.

Hapo ndipo moyo unauma. Lugha hii tunayoandikia, lugha ya mama zetu sokoni, ilivuka ziwa pamoja na mnyororo. Kuna watu wanaosema: kama ni hivyo, Kiswahili ni lugha ya watumwa, tuiache. Sisi hatukubali. Mtoto hachagui njia ambayo alizaliwa. Watu waliofungwa pamoja, kila mmoja na lugha ya kwao, walihitaji neno la kuombana maji, na neno hilo lilikuwa Kiswahili. Walilichukua mdomoni mwa bwana, wakalifanya lao. Walipokutana sokoni, kanisani, msikitini, katika kambi za kazi za Katanga, walikuwa tayari na lugha ya kuelewana. Wahenga wanasema: mwacha asili ni mtumwa. Basi tusiache asili, hata ile inayouma.

4. Ziwa lilirudi nyuma

Kiongozi mzuri atawaonyesha kitu kingine: ziwa liko mbali kidogo na jiwe. Mgeni anashangaa, kwani vitabu vinasema misafara ilishukia karibu na maji. Jibu liko kwetu. Ziwa Tanganyika linatoka kwa mlango mmoja tu, mto Lukuga, pale Kalemie. Mlango ule ulikuwa umezibwa na udongo na majani, na maji yalipanda. Cameron aliufikia katika 1874, Stanley katika 1876. Karibu na 1878 maji yalivunja kizuizi, yakaanza kutoka kwa nguvu kwenda Lualaba, na ziwa lilishuka karibu mita kumi katika miaka iliyofuata. Ukingo wa Ujiji ukaachwa. Mlango ulifunguka Kongo, ukavu ukaonekana Tanganyika. Mwalimu wa jeografia hatapata somo zuri kuliko hilo.

5. Kisha chakula: Kigoma

Kisha chakula cha saa sita, rudini Kigoma, muone stesheni na bandari. Wajerumani walifikisha reli pale katika 1914, toka Dar es Salaam. Tangu hapo Ujiji ilipungua, Kigoma ikakua. Mwaka ule ule vita vikaanza. Katika Julai 1916 Wajerumani walizamisha wenyewe meli yao Graf von Götzen isichukuliwe, na Force Publique ikaingia Kigoma. Katika Septemba ilifika Tabora. Meli ile ilitolewa majini katika 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina Liemba.

Waaskari wale na wapagazi wao walikuwa Wakongomani. Mara hii babu zetu walivuka ziwa na bunduki ya mfalme wa Ubelgiji, wakapita njia ile ile ambayo wengine walipitishwa wamefungwa. Faida ya ushindi ilikuwa ya Ubelgiji: kwa mapatano ya 1921 ilipewa mahali pake katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam. Wapagazi waliokufa hawakupata jiwe.

6. Maswali ya kubeba

Kwa wale watakaokwenda, ao watakaopeleka wanafunzi, tunapendekeza hivi. Muagane bei na kiongozi mbele ya kutoka, na mumwambie wazi kwamba munatoka Kongo na munataka kusikia pia habari za Wamanyema. Kila mwanafunzi awe na kaye na kalamu. Halafu aulize: Watu waliofungwa walishukia wapi? Nani alipiga makasia? Wazee gani hapa wanasema ukoo wao ulitoka ng'ambo ya Kongo? Majina gani ya vyakula na nyimbo yanafanana na yetu?

Tena, neno la kiongozi lipimwe, kwa heshima. Mfano uko karibu: Mugere, kusini ya Bujumbura, kuna jiwe lingine lenye majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Wengine wanawaambia wageni kwamba watu hao walikutana pale. Hapana. Walikuwa wamekwisha kukutana Ujiji. Mugere walilala tu, wakienda kuangalia mto Ruzizi, ambao waliukuta unaingia ziwani, hautoki.

Tanzania iliandikisha njia ile ya watumwa na pembe, na Ujiji ndani yake, kwenye orodha ya maombi ya UNESCO katika 2006. Ni jambo la kushukuru. Lakini njia haikukatika kwenye maji. Iliendelea kwetu mpaka Kasongo na Nyangwe. Wazee wanaojua mahali misafara ililala, mahali soko lilikuwa, mahali mashua zilingoja, wanapungua kila mwaka. Kuweka jiwe kunataka pesa na ruhusa. Kuandika katika kaye yale mzee anasema kunataka tu kukaa naye jioni moja. Tuanze na hilo.