Mtemi Alikuwa Nani? Aina za Jamii na Wajibu wa Watu Ndani Yake

Katika mafunzo ya siasa liko swali moja ambalo huzuka karibu kila mwaka, hasa darasa likiwa na ndugu watokao Usukuma na Unyamwezi. Swali ni hili: Je, mtemi alikuwa mnyonyaji, au alikuwa baba wa watu wake? Darasa hugawanyika papo hapo. Upande mmoja husema alikula jasho la wakulima. Upande wa pili husema bila mtemi watu wangalikufa kwa njaa. Mabishano hayo hayaishi kwa sababu swali lenyewe halikuulizwa vizuri. Kabla ya kulijibu, kada hana budi kuuliza: mtemi yupi, na wa jamii ya aina gani?

Tuanze na maana ya maneno. Nafasi ni mahali ambapo jamii humweka mtu: mjomba, mganga, mtemi, karani. Wajibu ni yale ambayo jamii humtazamia mwenye nafasi hiyo ayatende, pamoja na haki anazopewa kwa kuyatenda. Na aina ya jamii tunaitambua kwanza kwa jinsi watu wake wanavyojipatia riziki: nani ana mamlaka juu ya ardhi na zana, nani anafanya kazi, na nani anagawa kilichopatikana. Jina la nafasi linaweza kudumu kwa karne nzima, huku wajibu wake umegeuka kabisa. Historia ya mtemi inatuonyesha jambo hilo waziwazi.

Katika jamii ya ukoo na jembe, neno lenyewe lilitokana na kitendo cha kukata. Wapo wanaosema ni kukata msitu ili watu wapate mahali pa kulima, na wapo wanaosema ni kukata shauri. Maana zote mbili zinaeleza wajibu wake. Watu walimlimia mtemi shamba na kumpa sehemu ya nafaka, naye alitazamiwa kuitunza nafaka hiyo kwa ajili ya wageni na siku za njaa. Alishika matambiko ya mvua. Huko Usukuma, mrithi wake alitoka upande wa dada zake, na wazee wa baraza, yaani banang'oma, ndio waliomchagua. Mvua ikikosekana, mtemi aliweza kufukuzwa. Vijana nao walikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale, aliyesimamia kazi za pamoja. Tusiipambe jamii hiyo kupita kiasi. Mtemi alikuwa na haki ambazo mkulima hakuwa nazo, na mbegu za utabaka zilikuwamo. Lakini alichokipokea kilikuwa na njia ya kuwarudia waliokitoa, na wazee walikuwa na uwezo wa kumwondoa.

Katika karne ya 19 biashara ya pembe za ndovu na watumwa iliiunganisha Unyamwezi na pwani, na kupitia pwani na soko la dunia. Tangu zamani pembe ilikuwa haki ya mtemi. Zamani haki hiyo ilikuwa ya heshima tu, kwa kuwa pembe haikuliwa wala haikulimiwa. Sasa pembe ilinunua bunduki na baruti. Mtemi mwenye bunduki aliweza kuwalisha rugaruga, askari wake mwenyewe, na kutoza hongo misafara iliyopita. Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, alijenga dola kubwa kwa njia hiyo, na kati ya 1871 na 1875 alipigana na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora. Tunamheshimu kwa ushujaa wake. Hata hivyo lazima tuone kilichobadilika: nguvu yake haikutegemea tena ridhaa ya wazee wa baraza bali bunduki, na bunduki haikumwuliza kuhusu mvua.

Kisha ukaja ukoloni. Isike wa Unyanyembe aliwapinga Wajerumani, na boma lake lilipotekwa mwezi Januari 1893 alilipua baruti yake kuliko kukamatwa. Waliobaki katika viti walipewa wajibu mpya. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwaka 1898. Waingereza walipofuata, Gavana Donald Cameron aliweka sheria ya utawala wa wenyeji mwaka 1926, na mtemi akawa mtumishi wa kulipwa mshahara. Jina lilikuwa lile lile, na ngozi ya simba ile ile. Lakini aliyeweza kumwondoa sasa alikuwa Bwana Shauri, si banang'oma.

Hapo ndipo tunapoona kile ambacho elimu ya jamii hukiita mgongano wa wajibu. Baada ya 1947, katika mpango wa maendeleo wa Usukuma, serikali ya kikoloni iliwaagiza watemi kusimamia amri za kilimo na kupunguza mifugo. Watu wao walitazamia wawatetee, na serikali ilitazamia wawatoze faini. Mtu mmoja hawezi kutimiza yote mawili. Watemi wema na watemi wabaya walinaswa vilevile, kwa sababu kosa lilikuwa katika nafasi na si katika tabia pekee. Ndipo wakulima wa pamba walipounda nafasi nyingine za uongozi: katika vyama vya ushirika, vilivyoungana mwaka 1955 kuwa Victoria Federation, na katika TANU, ingawa ilinyimwa kibali huko tangu 1954 hadi 1958. Mwaka 1963, baada ya uhuru, mamlaka ya watemi yalifutwa kwa sheria.

Basi tumjibu nini yule mwanafunzi? Tumwambie kwamba mtemi alikuwa mtunza ghala, kisha bwana wa bunduki, kisha mtoza kodi, na kwamba hakuna kati ya hao aliyejiumba mwenyewe. Na kila mara kipimo kilikuwa kimoja: mazao ya kazi ya watu yalikwenda wapi, na nani aliweza kumwondoa kiongozi?

Kipimo hicho hakikufa mwaka 1963. Azimio la Arusha la 1967 liliweka masharti ya uongozi, likakataza mishahara miwili, hisa na nyumba za kupangisha, kwa kuelewa kwamba jina zuri la cheo halimzuii mwenye cheo. Masharti hayo yalilegezwa na maamuzi ya Zanzibar ya mwaka 1991. Kada anaweza kuwa na maoni yake kuhusu badiliko hilo, lakini hawezi kulikwepa swali lililo nyuma yake. Kiongozi wa tawi akianza kuwaogopa walio juu yake kuliko anavyowaogopa wanachama waliomchagua, tayari ameingia katika kiti cha mtemi wa 1926, hata kama anaitwa ndugu.

Kila mmoja wetu aandike leo nafasi anazozishika, na mbele ya kila moja aandike ni nani mwenye uwezo wa kumwondoa. Somo lianzie hapo.